Fimbo Isiyopatanwa Bei

Katika soko la samaki la Jukdo, mjini Pohang, muuza barafu humwita Ma Bok-hui "Kisu", naye hajawahi kukasirika. Ana miaka sitini na miwili, ni mfupi, ana mabega ya mtu aliyebeba makreti tangu usichana, na huuza gayogayo, wale samaki bapa wenye macho yote mawili upande mmoja. Kibanda chake kiko karibu na lango la kusini, na hajawahi kukihama.

Jina la Kisu halikutokana na kukata samaki. Lilitokana na kukata bei. Muuza viatu vya mpira akimwona anakuja hujifanya anazungumza na simu. Inasemekana aliwahi kumshusha bei daktari wa meno huku kinywa chake kikiwa wazi chini ya taa. Mwenyewe anakanusha.

"Kinywa kilikuwa kimejaa pamba, ningesemaje?" anasema. "Nilimwonyesha kwa vidole."

Kuna kitu kimoja tu ambacho Bok-hui hapatani bei, nacho ni kitu cha meza ya tambiko, ile meza ya chakula inayoandaliwa kila mwaka siku aliyofariki mzazi au mwenzi. Katika hilo hana tofauti na wenzake. Pea, chestinati, nyama, samaki, chochote kinachopelekwa mbele ya marehemu hununuliwa kwa bei iliyotajwa, bila mnunuzi kuguna. Muuzaji naye hutakiwa kutaja bei ya haki. Mteja akisimama kibandani kwake na kuchagua kwa utaratibu usio wa kawaida, Bok-hui humuuliza kwanza, "Ni wa meza?" Akijibiwa ndiyo, hutaja bei ya kweli na kumfunga samaki kwenye karatasi mpya.

Nyumbani kwake, hata hivyo, samaki wa meza hakutoka kibandani. Mumewe, Seok Dae-gon, fundi wa kuchomelea vyuma, alimvua mwenyewe kwenye ufukwe wa Chilpo, kaskazini mwa mji, kama baba yake alivyofanya. Kila ilipokaribia siku ya tambiko la wazazi wake, alichukua fimbo zake na kwenda kuganda kwenye upepo kutafuta gayogayo mmoja, ilhali mkewe alikuwa na mia nzima kwenye barafu.

"Nyumba hii inanuka samaki hadi kwenye mapazia," Bok-hui alikuwa akimwambia, "na wewe unatoka kwenda kutafuta samaki!"

"Wale ni wa kuuza," Dae-gon alikuwa akijibu, na mazungumzo yaliishia hapo.

Alifariki Machi mwaka jana, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi. Siku arobaini na tisa za maombolezo zilipokuwa zikielekea kwisha, Bok-hui alifanya kama wanavyofanya wengi. Nguo alizichoma. Vitu vilivyofaa watu aligawa, na fimbo zote za kuvulia zilikwenda kwa wenzake wa ufukweni. Hakuacha hata moja. Anasema hakutaka vitu vya mtu aliyeondoka visimame kwenye kona vikimtazama akila.

Januari, shemeji yake alipiga simu. Seok Dae-ik ni mdogo wa marehemu, mhasibu wa kampuni ya mabasi huko Daegu, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari.

"Shemeji," alisema, "mwaka huu tambiko la kaka tulifanyie kwangu. Wewe una kibanda, una magoti mabovu, na binti yenu Miryeong ana mtoto mchanga huko Seoul. Mke wangu ataandaa kila kitu. Wewe uje tu ukae."

Alikuwa na nia njema, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkatalia. Bok-hui alijua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Meza ikishahamia nyumba nyingine hairudi. Mwaka unaofuata watu huenda palepale, na baada ya hapo hakuna anayeuliza. Angekuwa mgeni kwenye tambiko la mumewe.

"Kwako ni ghorofa ya kumi na saba," alisema.

"Kuna lifti, shemeji."

"Kaka yako hakupenda lifti akiwa hai."

Dae-ik alicheka, kisha akatoa hoja aliyokuwa ameiandaa. "Haya, na samaki? Kwenu samaki wa meza hutoka ufukweni, kwa mkono wa mtu wa nyumba. Sasa nani atamvua?"

"Mimi."

"Shemeji, wewe hujawahi kushika fimbo."

"Nimeshika samaki wengi kuliko wewe na kaka yako na baba yenu."

"Waliokufa."

"Wa kwanza aliye hai nitakutumia picha."

Wakakubaliana. Akipatikana samaki wa ufukweni, Dae-ik na familia yake wangekuja Pohang, mwaka huu na miaka itakayofuata. Asipopatikana, meza ingekwenda Daegu, bila ubishi tena. Bok-hui alikata simu, kisha akakumbuka kwamba hakuwa na fimbo.

*

Jumatatu moja alifunga kibanda mapema na kwenda Chilpo kwa basi. Alimkuta Tak Seong-pil, mwenzake Dae-gon wa ufukweni, aliyekuwa mwendesha winchi bandarini kabla ya kustaafu, amesimama mbele ya fimbo tatu zilizochomekwa mchangani. Bok-hui aliitambua ya katikati kabla hajamtambua Tak. Mpini wake ulikuwa umefungwa utepe wa kijani, na utepe ule aliununua yeye.

Tak aliona anakotazama. "Mama Miryeong, ichukue. Ni ya kwenu."

"Nikishatoa kitu sikidai. Niazime nirushe mara moja tu."

Ilikuwa fimbo ndefu, nene, ngumu kama bomba, iliyotengenezwa kwa kutupa chubwi nzito, ile risasi ya kuzamisha mshipi, mbali kadiri mwanamume anavyoweza. Chilpo ndivyo wanavyopimana. Hawaulizani umevua nini. Wanaulizana umetupa mita ngapi. Bok-hui aliinyanyua, akajipinda, akarusha kwa nguvu zake zote. Chubwi ilipiga maji karibu sana hivi kwamba ilimrushia matone usoni.

"Hapo utamvua mtoto wa jirani anayeogelea," alisema Tak.

"Wewe mara ya kwanza ulirusha mpaka Japani?"

"Mara ya kwanza nilirusha fimbo yenyewe. Dae-gon ndiye aliyeifuata ndani ya maji."

Walicheka, halafu Tak akawa mtu wa kazi. Alimwambia hahitaji fimbo ya mwanamume. Achukue iliyo fupi kuliko ile kwa zaidi ya nusu mita, yenye ncha laini, nyepesi kiasi kwamba akiinyoosha kwa mkono mmoja mkono usitetemeke. Asilipie jina lililoandikwa ubavuni. Kama ana akiba kidogo ya ziada, aiweke kwenye rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, maana fimbo ya kawaida huvumilia miaka, lakini rili mbovu humnyima mtu raha kila anapozungusha mkono. Zaidi ya yote, asinunue vile vifurushi vya fimbo na rili pamoja vinavyoning'inia kwenye nailoni.

"Bei yake ni nzuri," Tak alisema. "Rili inashika kutu kabla maua ya mcheri hayajachanua."

"Na zilizotumika?"

"Zilizotumika nenda kwa Pyo, nyuma ya kituo cha mabasi. Ila akikuona wewe atafunga duka."

Kabla hajaondoka, Tak alimwita tena. "Mama Miryeong, na mimi nikikuvulia mmoja? Nani atajua?"

"Yeye," alisema Bok-hui, akiinua kidevu kuelekea fimbo ya utepe wa kijani.

*

Bwana Pyo hakufunga duka. Alimwona kupitia kioo, akanyoosha mgongo. Kwa miaka mingi alikuwa amenunua gayogayo kwa Bok-hui, na kila mara alitoka kibandani akiwa amelipa zaidi ya alivyokusudia na hajui ilivyotokea. Sasa Kisu alikuwa ameingia kwake.

"Karibu, mama. Leo ni zamu yangu," alisema.

Bok-hui alipita fimbo mpya zilizong'aa mlangoni bila kugeuza shingo. Akaenda hadi nyuma, ambako Pyo huweka zilizotumika, zimesimamishwa kwenye mtungi mkubwa wa udongo ambao zamani ulikuwa wa kuchachulia kabichi. Akaanza kuzichagua kama anavyochagua samaki mnadani, alfajiri, wakati wengine bado wanapiga miayo.

Alizivuta vipande vyake hadi mwisho, moja baada ya nyingine, akazitikisa. Ya kwanza ilitoa sauti ya mchanga ndani. Akairudisha. Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho. Akanyofoa uzi wa pamba kwenye glavu yake na kuupitisha polepole ndani ya kila pete ya kupitishia mshipi. Kwenye pete ya juu kabisa uzi ulinasa.

"Kuna ufa," alisema.

"Siuoni."

"Pamba imeuona. Mshipi utakatika hapo."

Pyo alichukua ile fimbo, akavaa miwani, akaiweka kando. Ya tatu ilikuwa na rangi ya kiini cha yai, na mtu fulani alikuwa ameufunga mpini wake kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Haikuwa na jina lolote. Lakini viungo vyake havikucheza, pamba ilipita kwenye pete zote bila kunasa, na Bok-hui alipoikamata kwa mkono mmoja na kuinyoosha kuelekea dirishani, ilitulia. Aliitingisha, ncha ikainama na kurudi bila haraka.

"Sura mbaya hii," alisema, akiwa ameridhika.

Kisha rili. Pyo alimwekea tano juu ya meza. Alizungusha mpini wa kila moja akiwa ameisogeza sikioni.

"Ni rili, mama, si simu."

"Nyamaza, inaongea."

Tatu zilikwaruza. Ya nne ilikuwa kimya, lakini alipoushika mshipi na kuuvuta, mashine iliuachia kwa kushtuka-shtuka. Samaki akivuta ghafla, mshipi ungekatika kabla mashine haijalegea. Ya tano ilikuwa imechubuka rangi kila mahali kama sufuria ya jeshi, ya ukubwa wa kati, na iliachia mshipi laini, bila kusita. Akaiweka kando ya fimbo ya njano.

"Bei gani?"

Hapa ndipo Pyo alipokuwa amejiandaa tangu mlangoni. Alijua ngoma itachezwa vipi. Yeye angetaja, Bok-hui angecheka, angeondoka hadi mlangoni, angerudi, angetaja nusu, na mwisho wangekutana mahali ambapo yeye Pyo angeumia. Kwa hiyo safari hii alianzia juu kabisa.

"Fimbo elfu themanini," alisema bila kupepesa. "Rili elfu tisini."

Ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya kweli, na wote wawili walijua. Pyo alikunja mikono, akasubiri kicheko.

Bok-hui alifungua pochi.

Pyo aliangalia noti zikitoka. "Mama," alisema, "unaumwa?"

"Siumwi."

"Hujanisikia. Nimesema themanini na tisini."

"Nimekusikia. Hesabu basi."

"Husemi kitu? Huniiti mwizi? Huniulizi kama mama yangu anajua kazi ninayofanya?"

"Bwana Pyo," alisema Bok-hui, "hii ni ya kumvulia baba Miryeong samaki wa meza. Siwezi kupatana."

Uso wa Pyo ulibadilika rangi kuanzia shingoni. Alikuwa amemfahamu Dae-gon; alikuwa amemuuzia ndoano. Sasa alikuwa amempandishia bei mtu anayenunua kwa ajili ya meza, tena meza ya mwaka wa kwanza, na hiyo si aibu ndogo.

"Basi nilikosea," alisema haraka. "Fimbo arobaini, rili—"

"Ulishataja. Kitu cha meza hakishushwi."

"Lakini si mezani, ni fimbo! Nani anaweka fimbo mezani?"

"Samaki atatoka wapi? Kwenye lifti?"

Pyo hakuelewa habari ya lifti, lakini alielewa kwamba amenaswa. Alitazama noti, akatazama dari. Watu wawili waliokuwa wakichagua chambo karibu na friji walikuwa wameacha kuchagua. Hatimaye alikohoa.

"Mama Miryeong, nadhani hukunisikia vizuri," alisema taratibu. "Nilisema fimbo elfu themanini. Hiyo ni fimbo pamoja na rili. Ile tisini ni bei ya rili peke yake, kwa mtu mjinga anayeitaka bila fimbo."

Mmoja wa wale wa friji aligeuza uso ukutani, mabega yakitikisika.

"Duka la ajabu," Bok-hui alisema.

"Ndiyo utaratibu wetu."

Alihesabu elfu themanini, akaziweka mezani kwa mikono yote miwili, na Pyo akazipokea kwa mikono yote miwili. Halafu akaanza kuweka vitu kwenye mfuko. Mshipi mpya, chubwi nyepesi, ndoano, pakiti ya minyoo ya baharini. Bok-hui hakukataa. Nyongeza si punguzo, na hakuna soko Pohang ambalo mtu hutoka bila nyongeza.

*

Ufukweni mambo hayakwenda haraka. Bok-hui alikuwa akifunga kibanda mchana na kupanda basi na fimbo yake ya njano, na abiria walimpisha kwa sababu ya harufu. Alivua mwani. Alivua kiti cha plastiki cha pwani, na viatu vyake vya mpira vilipojaa maji akakaa juu yake kuvimimina. Alivua bunju wadogo, wale samaki wanaojivimbisha, waliotafuna ndoano za Pyo hadi zikabaki vipande. Kurusha kulikuwa kumekuwa bora; fimbo ile ilimtii. Lakini chubwi yake iliangukia karibu, wakati za wanaume zilipita juu yake zikivuma kuelekea mbali.

"Nisogee?" aliwauliza siku moja. "Msije mkanivua mimi."

Tak alikuja akakaa kwenye ndoo yake, akanywa chai ya shayiri kutoka kwenye chupa, kisha akampa naye.

"Nitakwambia kitu," alisema, "lakini usiwaambie hawa. Msimu huu gayogayo wako karibu. Wanakuja kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi. Sisi tunawaruka."

"Mnajua?"

"Tunajua wote. Hata Dae-gon alijua. Lakini nani atasimama hapa mbele ya wenzake atupe mita thelathini? Yeye akitaka samaki wa meza alikuwa anakuja siku ambayo hatupo."

Bok-hui aliweka chupa chini. Katika ndoa yote hakuwahi kusikia hilo.

"Yule mzee," alisema. "Na alikuwa ananiambia anatupa mpaka anagusa meli!"

"Wewe huna aibu hiyo. Tupa karibu, halafu usisimame tu kama nguzo. Kokota polepole. Chubwi ikitimua mchanga, anadhani kuna kitu kinakimbia."

Akafanya hivyo. Alirusha, akakokota, akasimama, akakokota. Baridi ilimwingia kwenye vidole. Jua lilikuwa limeegemea milima nyuma yao wakati ncha ya njano ilipoinama mara moja, ikarudi, kisha ikainama na kubaki.

Wavuvi wa Chilpo huita kitu kile ladha ya mkono. Dae-gon alikuwa ameitaja maisha yake yote na Bok-hui alikuwa ameichukulia kuwa kisingizio cha kutorudi nyumbani mapema. Gayogayo waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Amewafuta, amewapima, amewafunga. Hakuna aliyewahi kuvuta. Huyu alivuta. Alivuta kuelekea chini, kwa mikupuo mifupi ya hasira, na kila mkupuo ulisafiri kwenye mshipi, ukapita kwenye fimbo, ukafika kiwikoni.

"Kumbe," alisema.

"Zungusha!" Tak alipiga kelele. "Mama Miryeong, zungusha, usimsikilize!"

Akazungusha. Mashine iliyochubuka ilifanya kazi yake kimya. Samaki alitokea kwenye povu, akapigapiga mchangani, na Bok-hui akamwekea kiganja juu kabla hajamtoa ndoano. Alikuwa mdogo, hakufika hata shibiri moja. Kibandani asingemweka mbele.

Alipiga picha, akaituma Daegu. Jibu lilikuja akiwa ndani ya basi: "Shemeji, hiyo ni picha ya samaki au ya kiganja?"

*

Alimpaka chumvi, akamwanika upepo wa baharini ili nyama ishikane, akampika kwa mvuke bila kumkatakata, bila pilipili wala kitunguu saumu, kama inavyotakiwa kwa chakula cha meza. Jioni ya tambiko Dae-ik alifika na mkewe na kreti ya pea. Miryeong alikuja na mtoto mgongoni. Dae-ik alivua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye meza, akainama kumtazama samaki kwenye sahani.

"Kibandani kwako huyu humuuzi," alisema. "Unampa paka."

"Paka wa sokoni hamtaki. Ana maringo."

Dae-ik alishika sahani kwa mikono miwili na kuisogeza kidogo, hadi kichwa cha samaki kikaelekea mashariki na mkia magharibi, kama kaka yake alivyokuwa akiweka. Katika nyumba ile mashariki ndiko bahari iliko. Waliinama mara mbili, wakamimina pombe ya mchele, wakasubiri kwa ukimya marehemu ale, na mtoto wa Miryeong akapiga chafya katikati ya ukimya.

Baadaye, wakati wa kula vilivyotoka mezani, samaki aligawanywa vipande ambavyo kila kimoja kilikuwa kama ukucha. Dae-ik alitafuna chake kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa kwenye kona, ambako fimbo ya njano ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Shemeji, ile ni nzito?"

"Si nzito."

"Mwakani nitakuja siku chache kabla," alisema. "Tukae wote pale. Ukikosa wewe, nitapata mimi. Ila nitahitaji fimbo. Yule Pyo aliyemuuzia kaka ndoano bado yupo?"

Bok-hui aliacha kumenya pea. Kwa mara ya kwanza jioni ile uso wake ulirudi kuwa ule anaoujua muuza barafu.

"Yupo," alisema. "Nitakwenda na wewe. Lakini tukiingia, usitaje meza. Sema unataka kuvua samaki wa supu."